Reli ya Makaa Ilivyoacha Injini za Makaa

Kikundi kikikaa kuamua kama kinunue mashine mpya, swali la kwanza huwa ni bei. Ni swali zuri, ila halitoshi. Hebu tuangalie kampuni moja ya reli huko Marekani ilivyopiga hesabu hiyo, kwa maana ni hesabu ile ile ya mashine yetu ya kusaga.

Mwaka 1939 General Motors walitoa injini ya dizeli ya kuvuta mizigo, iliyoitwa FT. Ilikuwa ghali kuliko ya mvuke, na bado kampuni nyingi ziliinunua. Kwa nini? Injini ya mvuke hunywa maji mengi, lazima isimame njiani ijazwe. Majivu yatolewe, boila ioshwe, na kila injini ina dereva wake na mchochea moto wake. Dizeli unaunganisha hata nne pamoja, dereva mmoja anaziendesha zote. Tena hazikai sana gereji.

Norfolk and Western, reli ya Virginia na West Virginia, ilikataa. Wala haukuwa ujinga. Mzigo wake mkubwa ulikuwa makaa ya mawe, na wenye migodi ndio waliokuwa wateja wake. Makaa iliyapata mlangoni, kwa bei nafuu. Injini ilijiundia yenyewe katika karakana yake mjini Roanoke, na vituo vyake viliitia injini makaa, maji na grisi upesi upesi. Mwaka 1952 ilishindanisha injini zake na za dizeli, gharama zikakaribiana sana. Basi ikaendelea na mvuke.

Shida ilitoka kwa majirani. Reli nyingine zilipohamia dizeli, viwanda vilivyouza vifaa vya injini za mvuke vilikosa wateja, vikaacha kazi hiyo. Spea zikawa adimu na ghali. Injini zilikuwa nzima kabisa, lakini soko la spea zake lilikuwa linakufa. Kikundi chenye mashine ambayo hakuna mwingine katika tarafa anayo kinalielewa jambo hili bila kuelezwa! Kabla ya kulipa, ulizeni kwanza spea zinauzwa wapi, na fundi wa karibu ni nani.

Mwaka 1955 Norfolk and Western ilinunua dizeli zake za kwanza. Mwaka 1958 ikapata mkuu mpya, Stuart Saunders, naye akaharakisha mabadiliko. Mwaka 1960 mvuke ukaisha. Wachochea moto na mafundi wa boila, watu wenye ujuzi wa miaka mingi, kazi yao ikaisha pamoja nao, na hasara hiyo haimo katika bei ya injini yoyote.

Karakana ya Roanoke ilikuwa imeunda injini yake ya mwisho ya mvuke mwaka 1953. Nyingine ziliuzwa vyuma chakavu kabla hazijatimiza miaka kumi.