Gari likikwaruzwa, uungwana hupimwa

Wahenga walisema muungwana ni kitendo. Hapo zamani kitendo hicho kilitazamwa barazani, arusini na matangani: namna mtu anavyoamkia wakubwa wake, anavyotimiza ahadi, na anavyolipa deni. Siku hizi mimi naona kimeongezeka kipimo kingine, nacho ni mkwaruzo mdogo wa gari. Ukitaka kumjua mtu kwa yakini usimtazame siku gari lake linapong'ara; mtazame siku anapoligusa gari la mwenziwe na hakuna jicho lililomwona.

Wasomaji wapenzi, sizungumzii ajali za kuvunja mifupa na kutoa roho. Hizo Mwenyezi Mungu atuepushe nazo. Nazungumzia mstari mwembamba kama uzi juu ya mlango, kibonyeo kisichozidi alama ya kidole gumba kwenye madigadi, au bampa iliyochubuka pembeni. Hakuna aliyeumia, na gari linakwenda kama lilivyokuwa likienda. Lakini ni kwa sababu ya mambo madogo haya ndipo nimesikia matusi yasiyofaa masikioni mwa watoto, na nimeona majirani waliokuwa wakipelekeana futari wakikatana salamu.

Na sisi wa Mombasa hatuna pa kukimbilia. Vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa kwa miguu ya watu na kwato za punda, si kwa magari. Gari linapopita Ndia Kuu hukutana na tuktuk, bodaboda, mkokoteni wa maji na mama aliyebeba kikapu, wote wakitaka nafasi ile ile moja. Ukiingia feri ya Likoni magari hupangwa yakakaribiana hata madereva wakakunja vioo vya pembeni, na abiria wenye mizigo hupenya katikati yao.

Ama siku ya Ijumaa, magari huegeshwa kandokando ya misikiti kama dagaa mkononi mwa mchuuzi. Swala ikisha kila mtu ana haraka, na mara nyingi mtu hurudi penye gari lake akakuta alama ambayo hakuja nayo. Hilo ndilo linalonistaajabisha mimi. Aliyeigonga milki ya nduguye huenda dakika tano zilizopita alikuwa bega kwa bega naye katika safu moja, akamtolea salamu kuliani na kushotoni, kisha akatoka, akamgonga, akaenda zake kimya.

KIJICHO

Watu hawafanani katika kuyapokea mambo haya. Yuko mwenye gari jipya ambaye kila jioni hulizunguka akilipapasa kama mtu anayekagua farasi, na akiona alama halali usiku. Yuko dereva wa teksi wa miaka mingi ambaye ukimwonyesha mkwaruzo hucheka, kwani gari lake ni jembe lake, na jembe lisilo na alama ni jembe lisilolima. Na yuko aliyelinunua gari kwa mkopo, ambaye kila mkwaruzo humkumbusha kwamba kitu kinachaa hali deni lingali jipya.

Wengine huogopa kijicho. Ndiyo maana twaona magari mengi ya pwani yameandikwa Mashaallah kwenye kioo cha nyuma. Na kweli wapo watu wenye husuda, wanaopitisha msumari au ufunguo juu ya rangi ya gari la mtu ambaye hakuwakosea lolote ila kwamba amepata. Lakini wazee wetu walikuwa na maarifa yao. Mama alipojifungua mtoto mzuri alimpaka wanja kwenye paji la uso, makusudi, ili uzuri wake upungue kidogo machoni mwa watu. Nimemsikia bibi mmoja akimwambia mjukuu wake aliyekuwa akilalamikia mkwaruzo wa kwanza wa gari lake: "Nyamaza, mwanangu. Huo ndio wanja wake."

Nasi Waislamu tunacho kisa kikubwa kuliko hicho. Katika Sura ya Al-Kahf tunasoma habari za Nabii Musa (a.s.) alipofuatana na yule mja mwema tunayemjua kwa jina la Khidhr. Walipanda chombo, naye Khidhr akakitoboa, Musa akastaajabu na kumlaumu. Baadaye, katika aya ya 79, akaelezwa sababu: chombo kilikuwa cha maskini wanaofanya kazi baharini, na mbele yao palikuwa na mfalme anayenyang'anya kila chombo. Ile aila ndiyo iliyowaokoa. Watu wa pwani, wenye kujua jahazi na mashua, kisa hiki chatuingia sana. Wenye vyombo walikuwa wakiziba kwa kalafati, wakapaka sifa na deheni, wakasafiri. Hakuna nahodha aliyeona haya kwa sababu chombo chake kina kiraka.

RANGI

Hata hivyo, kuvumilia si kupuuza. Mafundi wa rangi wanatueleza kwamba mwili wa gari la kisasa una matabaka. Chini ni bati, juu yake rangi za msingi zinazozuia kutu, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ling'aalo kama vanishi ya mlango. Yote hayo ukiyakusanya, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani mfano wa karatasi ya daftari. Ngao yenyewe ya gari ni hiyo tu.

Kipimo chao ni chepesi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usipokwama, yawezekana lililochubuka ni lile tabaka la juu tu, na polishi na kitambaa vitatosha. Ukikwama, rangi imeliwa. Na ukiona bati linameta, usingoje, kwani hewa yetu ya bahari ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Kutu ikiingia chini ya rangi hutambaa kimyakimya, na siku utakapoiona imetoka juu kama upele, chini imekwisha kula. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bampa nyingi za siku hizi ni za plastiki, hizo hazishiki kutu, na aliyechubuliwa bampa anaweza kulala usingizi wake.

DHAMANA

Basi ikiwa mkwaruzo mwingi ni mwembamba kama karatasi, kwa nini watu wanaumia hivi? Mimi nimewauliza wengi, na jibu lao halikuwa juu ya rangi. Karibu wote walisema kilichowachoma ni kwamba aliyefanya alikwenda bila ya kusema. Mtu yule yule anayelia juu ya mstari wa kidole kimoja, angalipata neno la "Nisamehe ndugu yangu, ni mimi", nusu ya hasira yake ingeliyeyuka pale pale.

Na dini yetu haikuliacha jambo hili. Wanavyuoni hutufundisha kwamba mwenye kuharibu mali ya mtu analazimika kuilipa, akikusudia au asikusudie. Dhambi huondoka kwa kutokusudia, dhamana haiondoki. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik kwamba mmoja wa wake zake Mtume (s.a.w.) aliivunja kwa wivu bakuli ya chakula iliyoletwa kutoka kwa mke mwenziwe. Mtume hakupiga kelele. Alikusanya vipande, akakiokota chakula, akamtajia udhuru mkewe kwamba ameshikwa na wivu. Kisha akachukua bakuli nzima ya nyumba ile akaipeleka kwa aliyevunjiwa, na ile iliyovunjika ikabaki kwa aliyeivunja. Tazameni mambo mawili hayo yalivyokwenda pamoja: heshima ya aliyekosea ilihifadhiwa, na haki ya aliyekosewa ililipwa siku ile ile.

Nilishuhudia mfano wake, Ramadhani moja karibu na magharibi, katika kichochoro cha Mji wa Kale. Hamali alikuwa akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji. Mtoto akamkatiza mbele, naye kwa kumwepa akaupinda mkokoteni, na ncha ya chuma ikachora mlango wa gari jeupe tokea mwanzo hadi mwisho. Mwenye gari akashuka na kanzu yake, mkononi ana kifuko cha mikate ya mofa. Akadai pesa papo hapo. Hamali hakuwa nazo. Akaushika mkokoteni, asiuachie.

"Bosi wangu, mkokoteni si wangu, ni wa kukodi," hamali akasema. "Ukiuchukua, kesho sina kazi na nina deni la watu wawili."

Watu wakajaa, kila mmoja na kauli yake. Wengine wakamwambia mwenye gari amsamehe maskini wa Mungu. Wengine wakasema haki ni haki. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akanyanyuka taratibu, akaupapasa mlango kwa ukucha wake, kisha akasema: "Mwanangu, haki yako ni rangi ya mlango huu. Riziki ya huyu si haki yako." Akamgeukia hamali: "Nawe usijifiche nyuma ya umaskini. Umeharibu, utalipa, kidogo kidogo, na pesa utaniletea mimi."

Wakakubaliana kiasi. Adhana ikalia. Mwenye gari akatoa tende, akampa hamali mbili, uso wake bado umekunjamana. Hamali alilipa Ijumaa tatu mfululizo. Ya nne mwenye gari akapeleka neno kwa mzee kwamba yaliyobaki amesamehe. Na mlango ule hakuupaka rangi hata siku alipoliuza gari.

Nasaha hiyo ya mzee inalingana na aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara, kwamba mdaiwa akiwa na dhiki angojewe mpaka apate nafasi, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini kusamehe ni kwa mwenye haki. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kujisamehe mwenyewe kwa kutoroka.

Sheria za nchi nazo zinasema hivyo hivyo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyesababisha hasara kwa mtu, gari, jengo au mnyama asimame, atoe jina na anwani yake akitakiwa. Na asipofanya hivyo apige ripoti kwa polisi upesi iwezekanavyo, isizidi saa 24. Wala mtu asijidanganye kwamba bima itamaliza kila kitu. Bima inayolazimishwa na Sura ya 405 ni ya vifo na majeraha ya watu. Na aliyekata bima kubwa, mara nyingi hutakiwa kubeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya gharama, hivi kwamba mkwaruzo mdogo humrudia yeye. Njia iliyobaki ni watu wawili kusemezana.

KUFICHA

Kuna mlango mwingine wa jambo hili, nao ni wa biashara. Magari mengi tunayoyapanda yaliteremka bandarini kwetu Kilindini yakiwa yamekwisha kutumiwa Japani, na sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8. Katika minada ya huko Japani gari huandikiwa karatasi yenye mchoro wa mwili wake, na kila aila hutiwa herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipokwisha kutengenezwa, S ni kutu, na namba iliyo mbele ya herufi huonyesha ukubwa. Maana yake, gari linaposafiri kuja kwetu limefuatana na orodha ya makovu yake.

Karatasi hiyo mara nyingi hupotea njiani. Kibonyeo hujazwa pati, kikapigwa msasa, kikapuliziwa rangi, na mnunuzi akaambiwa gari halijaguswa. Wajuzi hutembea na sumaku ndogo: mahali penye bati huganda, penye pati nene huteleza. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mtume (s.a.w.) alitia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni akaona umande ndani, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, na akatahadharisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Kutengeneza gari kabla ya kuuza si vibaya, ni jambo jema. Haramu ni kuificha aila.

Basi ndugu zangu, nasaha yangu ni fupi. Ukilikwaruza gari la mtu na mwenyewe hayupo, andika jina lako na namba ya simu katika kikaratasi, ukiweke chini ya waipa, au umwachie bawabu wa msikiti. Ukikwaruzwa wewe, pitisha ukucha kwanza kabla ya kufungua mdomo. Ukiwa na uwezo na aliyekukosea hana, kumbuka kwamba Mola amekupa nafasi ya sadaka bila ya kutoka nyumbani. Na ukiuza, onyesha kidole mahali penye kovu, useme, "Hapa paligongwa." Huenda ukapungukiwa na shilingi chache siku hiyo, lakini mnunuzi wako akikukuta kesho katika safu ya swala utaweza kumpa mkono na kumtazama usoni.

Wabillahi taufiki.