Tuyalinde Masikio Yetu Shambani

Jirani yangu mmoja amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kupukuchulia mahindi. Vijana wakimwamkia njiani, haitikii. Watu wakasema, "Mzee huyu ana kiburi." Kumbe hana kiburi, hawasikii. Hata mjukuu wake humwita, "Babu, babu!" asigeuke mpaka ashikwe mkono.

Jambo hili hutokeaje? Ndani kabisa ya sikio mna kitu kilichojipinda kama konokono, na humo mna chembe ndogo zenye vinyweleo, ndizo zipokeazo sauti. Kelele kubwa huvilaza vinyweleo hivyo kama upepo ulazavyo mpunga. Vikipata kupumzika huinuka. Vikilazwa kila siku, chembe hufa, wala hazioti nyingine. Tena hufa polepole bila maumivu, hata mtu hajui.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu hushauri mtu asikae zaidi ya saa 8 kwa siku penye desibeli 85. Zikizidi 3, muda hupungua nusu: penye 88 ni saa 4, penye 91 ni saa 2, na penye 100 ni robo saa tu. Msumeno wa mashine hupita 100.

Asiye na kipimo na asimame karibu na mwenziwe, kadiri ya urefu wa mkono. Ikiwa hawasikilizani ila kwa kupaza sauti, kelele imezidi. Na masikio yakivuma jioni baada ya kazi, hilo ni onyo.

Basi tufanyeje? Tuvae vizibo vya masikio au vifuniko vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, pamba haitoshi. Mashine itiwe mafuta, skurubu zikazwe, na bomba la moshi lililotoboka libadilishwe. Tufanye kazi kwa zamu, na watoto wasicheze karibu.

Nanyi walimu, mtoto asipoitika darasani, msimwite mkaidi kabla ya kupimwa masikio.

Wahenga walisema, kinga yapita tiba. Hapa chembe zikiisha kufa, tiba ya kuzirudisha haipo, imebaki kinga. Jirani yangu sasa huwahimiza wanawe wavae vifuniko kabla ya kuwasha mashine. Nasi tusingoje mpaka wajukuu watushike mkono.