Mifumo ya Uendeshaji katika Kompyuta ya Commodore 64

Mfumo wa uendeshaji ni jumla ya maagizo yanayosimamia viungo vyote vya kompyuta: husoma vibonye, huonyesha maandishi kwenye kiwambo, na hupokea amri za mtumiaji. Katika Commodore 64, iliyotolewa nchini Marekani mwaka 1982 kwa matumizi ya nyumbani, mfumo huo ulikuwa umetiwa ndani ya chipu za kumbukumbu ya kusomwa tu, isiyofutika. Hivyo mashine ilikuwa tayari mara tu ilipowashwa.

Hapo palijitokeza fumbo. Jina la mashine lataja kilobaiti 64, yaani baiti 65,536. Lakini maandishi ya kwanza kiwamboni yalimwarifu mtumiaji kwamba baiti 38,911 tu ndizo zilizo huru. Baiti 26,625 zilikwenda wapi?

Prosesa ya mashine hiyo, 6510, yaweza kutaja anwani 65,536 kwa wakati mmoja, wala si zaidi. Kumbukumbu ya kuandikwa ilikwisha kuzijaza zote. Kwa hiyo waundaji waliiweka mifumo juu ya anwani zilezile: kilobaiti 8 za KERNAL, iliyo mfumo hasa wa uendeshaji, kilobaiti 8 za BASIC, yaani mkalimani wa lugha ya programu, na kilobaiti 4 za picha, sauti na mawasiliano. Kilobaiti 4 nyingine hazikutumiwa na BASIC, na 2 za mwanzo zilishikwa na mfumo pamoja na kiwambo. Baiti moja iliyobaki ni alama ya mwanzo wa eneo la BASIC. Kumbukumbu iliyo chini ya mifumo haikupotea. Ilifunikwa tu, kama mkeka chini ya blanketi. Programu iliyobadili tarakimu katika anwani ya 1 iliweza kuifunua.

Aliyeunganisha kiendesha-disketi cha 1541 aliongeza mfumo mwingine. Chombo hicho kilikuwa na prosesa yake na kilobaiti 16 za maagizo yake. KERNAL ilituma ombi kwa waya. Kutafuta faili kwenye disketi ilikuwa kazi ya chombo chenyewe.

Mwishoni mwa KERNAL mliwekwa jedwali la milango 39. Anwani 65490, kwa mfano, hutoa herufi moja, na kazi hiyo ilibaki palepale tangu mashine ya PET ya mwaka 1977 hadi Commodore 128 ya mwaka 1985. Programu iliyopitia mlangoni haikudhurika chumba cha ndani kilipopangwa upya. Iliyopenya ukutani ilikuwa hatarini.

Ni dhahiri basi kwamba kumwiga prosesa peke yake hakutoshi kuzifufua programu za miaka ile. Bila KERNAL, BASIC na mfumo wa disketi, nyingi kati yake hubaki bubu.