Fedha ya Kaisari na Mimbari ya Kanisa

Jumapili moja baada ya ibada, hapa kwetu Jamhuri, mzee mmoja wa kanisa alitushika mkono mlangoni akasema, "Mchungaji, waachieni wanasiasa siasa yao. Mitume walihubiri Injili tu." Siku ile hatukumjibu vema, maana washarika wengi walikuwa nyuma yake wakingoja kusalimiwa. Tumjibu leo.

Paulo alipowaandikia Warumi, yapata mwaka 57, aliwaagiza kuwatii wenye mamlaka na kulipa kodi. Na mtawala wa siku zile alikuwa Nero. Lakini katika Matendo, sura ya tano, mitume walipokatazwa kuhubiri walikataa katakata, wakaiweka amri ya Mungu juu ya amri ya watu. Je, maneno haya mawili yanapingana?

Na tuwasikilize Waafrika wenzetu. Tarehe 17 Julai mwaka 180, Wakristo 12, wanaume 7 na wanawake 5, walisimamishwa mbele ya liwali Saturninus huko Karthago, katika nchi tunayoiita leo Tunisia. Hakutaka mengi: waape tu kwa jina la Kaisari, waende zao. Mmoja wao, Speratus, alieleza kwamba hajaiba kitu, na kila anunuapo bidhaa hulipa kodi yake. Ila Mfalme wa wafalme wote ni mwingine. Mama mmoja, Donata, alisema kwamba Kaisari atapewa heshima impasayo Kaisari, lakini hofu ni ya Mungu. Wakapewa nafasi ya siku 30 wakafikiri. Hawakuitaka. Wakauawa kwa upanga.

Watu wale hawakuwa na chama wala kura. Walilipa kodi, waliwaombea watawala, na bado serikali iliwaogopa, kwa sababu walimnyima Kaisari kitu kimoja: neno la mwisho juu ya dhamiri yao.

Sasa turudi Kenya. Katika uchaguzi wa 1988 kura za uteuzi zilipigwa kwa mlolongo, watu wakisimama mstarini nyuma ya mgombea au wakala wake. Pengine mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu, hata mtoto ajuaye kuhesabu akashangaa. Na mchungaji angesimama wapi, washarika wake wakiwa katika mistari yote? Kabla ya hapo, mwaka 1987, Askofu David Gitari alikuwa amehubiri juu ya Danieli katika tundu la simba, akiupinga mlolongo huo. Mwaka 1989 majambazi waliivamia nyumba yake usiku, akaokoka kwa kupanda juu ya paa. Na tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, hapa Nairobi, wakawapiga watu waliokuwa wakiombea mabadiliko ya katiba. Hao hawakuleta siasa kanisani, mzee wetu. Siasa iliingia yenyewe, na rungu mkononi.

Lakini kuna mlango mwingine ambao huingia kwa upole zaidi. Mnamo Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kusema kanisani. Wengi walinung'unika. Sisi tulinyamaza, maana tulikuwa na la kujutia. Miaka kadhaa kabla yake tulifanya harambee ya mabati. Akaja mgombea mmoja na bahasha nene, tukampa kipaza sauti, naye akamtukana mpinzani wake pale pale mbele ya madhabahu. Nasi tulipiga makofi. Mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa akimwunga mkono huyo mpinzani, akawachukua watoto wake akatoka.

Speratus alimlipa Kaisari kodi. Hatusomi popote kwamba alipokea bahasha kutoka kwake. Nasi, tukiisha kula, tungemwambia nini mtu yule atakapodhulumu?

Ilitubidi kwenda nyumbani kwa mama yule mara tatu kuomba radhi. Mara ya tatu alitukaribisha chai, na Jumapili iliyofuata akarudi kwaya.

Bwana awe nanyi.