Nambari tasa inayofunga ujumbe wa simu Chaani

DEREVA wa lori aliyeegesha Chaani, Changamwe, akisubiri kasha kutoka Bandari ya Mombasa, humwandikia mkewe kwa WhatsApp siku atakayorejea na pesa alizobaki nazo. Kinachozuia maneno hayo yasisomwe njiani ni hesabu iliyojengwa juu ya nambari moja yenye tarakimu 77, inayoanza na 57896 na kuishia na 949. Wanahisabati huiandika kwa ufupi: 2 kwa kipeo cha 255, ukitoa 19.

Nambari hiyo ni tasa, yaani haigawanyiki kikamilifu ila kwa 1 na kwa yenyewe. Makasha 12 yaweza kupangwa safu 3 za makasha manne manne. Makasha 13 hayakubali ila mstari mmoja. Nao utasa huo, kinyume cha jina lake, una uzazi mkubwa.

Tuchukue saa ya ukutani. Juu yake, 3 mara 4 ni 12, na mshale umerudi mwanzo, mahali pa sifuri. Nambari mbili zimemezana. Lau uso wa saa ungekuwa na nambari 13, hilo lisingetokea kamwe. Kila nambari isiyo sifuri ingekuwa na mwenzake wa kuifikisha kwenye 1: 5 mara 8 ni 40, ondoa 39, yabaki 1. Hivyo kugawanya huwezekana daima bila kubakisha kipande. WhatsApp huhesabu kwenye saa ya namna hiyo, ila mzunguko wake ni ile nambari ya tarakimu 77.

Kila simu huficha nambari yake ya siri na kutuma tokeo la hesabu tu. Kwa matokeo hayo simu mbili hufikia ufunguo mmoja. Mdukuzi aliyeyanasa hana njia inayojulikana ya kurudi nyuma hadi kwenye siri kwa muda wa maana.

Hiyo 19 nayo haikuokotwa. Mwanahisabati Daniel Bernstein, aliyechapisha mfumo huu wa Curve25519 mwaka 2006, alitafuta tasa iliyo jirani na kipeo cha 2, kwa kuwa kompyuta huhesabu kwa 2. Hakuna tasa kubwa zaidi chini ya kipeo hicho. Hesabu ikivuka mpaka, ziada huzidishwa kwa 19 na kujumlishwa na iliyobaki, kazi nyepesi hata kwa simu ya bei nafuu.

Ukubwa pekee si hoja. Tasa iliyogunduliwa na Luke Durant wa Marekani mwezi Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320, wala haifungi kufuli yoyote. Na hata tasa ya Bernstein haimwokoi anayemsomea tapeli zile tarakimu sita za usajili.

Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta ingeweza kuvumbua siri za aina hii. Mashine yenye nguvu hiyo haijaundwa, lakini Signal, ambao mfumo wao ndio unaotumiwa na WhatsApp, waliongeza mwaka 2023 kufuli ya pili ya aina nyingine kando ya hii.