Mwaka wa kwanza chuoni: Usiikimbie hofu, itakufuata

KILA mwaka, kuanzia mwezi wa Agosti, maelfu ya vijana waliofanya vyema katika mtihani wa KCSE huingia vyuo vikuu. Nyumbani huwa kumefanywa sherehe. Mbuzi amechinjwa na majirani wamechanga nauli. Si rahisi kwa kijana aliyesindikizwa kwa shangwe namna hii kupiga simu wiki ya pili na kusema, "Mama, naogopa." Husema anaumwa na tumbo.

Na hadanganyi. Tumbo linamuuma kweli.

Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho, mdomo hukauka na tumbo husokota. Mwili hujiandaa kupigana au kutoroka. Maandalizi hayo humfaa mtu aliyekutana na nyati, lakini humsumbua yule anayetakiwa kuzungumza mbele ya wanafunzi 200 asiowajua.

Wengi hudhani wana vidonda vya tumbo na kwenda kununua dawa. Vidonda hivyo husababishwa zaidi na bakteria aina ya Helicobacter pylori, au na kutumia kwa muda mrefu dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Daktari anaweza kukupima na kujua. Lakini ikiwa tumbo linakuuma kila asubuhi ya mhadhara na kupoa Jumamosi, jiulize kama kinachokusumbua si hofu.

Hakuna kengele

Hofu hii ina sababu. Katika shule ya bweni kengele ilikuamsha, ikakupeleka darasani, ikakuita kula na kukulaza. Mwalimu alikujua kwa jina. Chuoni hakuna kengele, na mhadhiri anaweza kumaliza muhula bila kukutambua. Shuleni ulikuwa wa kwanza darasani. Sasa umezungukwa na wenzako ambao nao walikuwa wa kwanza kwao. Kijana aliyetoka Kilifi akaitwa kusomea Kesses, karibu na Eldoret, huongezewa baridi na lugha asizozijua.

Kuogopa katika hali kama hiyo si ugonjwa wala si ushamba. Kwa wengi, hofu hupungua kadiri wanavyozoea. Tatizo huanza pale unapoikimbia.

Tuseme leo umekosa mhadhara kwa sababu moyo ulikuwa ukidunda. Umebaki kitandani na mara ukasikia nafuu. Nafuu hiyo ndiyo mtego. Ubongo wako umejifunza kwamba kukimbia ndiyo dawa, na kesho ukumbi utatisha zaidi kuliko leo. Baada ya wiki tatu huna maandishi, jaribio limekupita, na unaona haya kumwomba mtu daftari kwa kuwa humjui yeyote.

Cha kufanya

Rudi darasani, kidogo kidogo. Fika dakika 10 mapema, ukumbi ukiwa bado mtupu. Ni rahisi zaidi kuwatazama wenzako wakiingia kuliko kuingia wote wakikutazama. Keti karibu na mtu yuleyule kwa siku kadhaa, kisha muulize jina. Huhitaji marafiki 50; wawili au watatu wanatosha.

Moyo ukianza kwenda mbio, vuta pumzi taratibu kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6. Rudia kwa dakika chache. Hofu kali hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Ukiingoja pale ulipo, utaiona ikishuka.

Lala. Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa kati ya saa 7 na 9. Kahawa nyingi, miraa na muguka hukesha nawe usiku, lakini pia huharakisha moyo na kuzidisha wasiwasi. Pombe hukutuliza kwa saa chache tu. Ikiisha mwilini, wasiwasi hurudi kwa nguvu zaidi.

Pesa nazo huleta hofu. Mkopo wa HELB au pesa za nyumbani zikifika, zigawanye kwa idadi ya wiki za muhula kabla ya kununua chochote. Tumbo tupu halisomi.

Wakati wa kutafuta msaada

Ikiwa wiki mbili zimepita na bado hulali, huli, au huwezi kutoka chumbani, usingoje matokeo ya mtihani yakuumbue. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au katika zahanati ya chuo. Muuguzi au daktari atakupima pia, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuufanya moyo uende mbio. Ikithibitishwa kuwa ni wasiwasi, kuna tiba ya mazungumzo ambayo humfundisha mtu kukabili polepole yale anayoyaogopa. Dawa pia zipo, lakini ni za kuandikiwa na daktari, si za kupewa na mwenzako wa chumbani.

Na ukianza kufikiria kwamba ingekuwa afadhali ufe, usilale na wazo hilo peke yako. Mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitalini.

Nawe mzazi, unapopiga simu usiulize alama na pesa pekee. Muulize analala vipi, anakula na nani, na nani amekuwa rafiki yake. Akisema tumbo linamuuma, usimkumbushe mbuzi aliyechinjwa. Muulize linamuuma siku gani, kisha nyamaza umsikilize.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kijana anayesema mapema kwamba anaogopa hajawaaibisha waliomsindikiza. Ameanza kupona.