Neno "Copy" na Asili Yake

Hapa shuleni kwetu ni maneno machache ya Kiingereza yatajwayo mara nyingi kama neno "copy". Mwalimu akiisha kuandika ubaoni hutuambia tukopi. Ofisini twaambiwa tulete kopi ya cheti cha kuzaliwa. Na mwanafunzi aliyeandika majibu ya jirani yake katika mtihani husemwa kuwa amekopi, naye huadhibiwa. Kwa kuwa neno moja laweza kuwa amri mahali hapa na kosa mahali pale, nimeona yafaa tujue limetoka wapi.

Baadhi ya wenzangu hudhani kwamba kukopi na kukopa ni ndugu, maana akopiye huchukua kilicho cha mwenzake. Sivyo. Kukopa ni neno la Kibantu la tangu zamani. Kopi tumelipata kwa Waingereza, ambao walilipokea kutoka Kifaransa katika karne ya 14. Na Wafaransa walilitoa katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale.

Kwa Warumi neno lilikuwa "copia", na maana yake ilikuwa wingi, neema, mali tele. Likitajwa katika hali ya wingi, "copiae", lilikuwa na maana ya vyakula vya jeshi, na hata jeshi lenyewe. Tena lilikuwa na maana ya nafasi au ruhusa ya kufanya jambo, na hapo ndipo maana mpya ilipoanzia. Mtu aliyeruhusiwa kuandika upya hati fulani alisemwa kuwa amepewa "copia" ya kuiandika. Baadaye, katika Zama za Kati, jina la ile ruhusa likahamia kwenye karatasi iliyoandikwa. Wala halikuhamia mbali sana, kwani siku hizo vitabu viliandikwa kwa mkono, na kila nakala iliyokamilika ilikuwa ni kuongeza neema.

Hata hivyo maana ya kwanza haikufa. Mwaka 1512 mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Erasmus, alitoa kitabu kijulikanacho kwa kifupi kama De Copia, kwa ajili ya wanafunzi wa shule ya St Paul's ya London. Kitabu hicho kilifundisha wingi wa maneno. Erasmus alitwaa sentensi moja ya kawaida, ya kumwambia rafiki kwamba barua yake imempendeza, akaigeuza kwa namna zaidi ya 100, ili vijana waone kwamba jambo moja lina njia nyingi za kusemwa. Basi tazameni: neno ambalo leo twalitumia kwa mtu asiye na maneno yake mwenyewe, asili yake ni kuwa na maneno tele!

Na sisi Waswahili tuna neno letu, nakala, na kitendo chake kunakili. Hili limetoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hata mahali. Hata leo katika nchi za Kiarabu wizara ya uchukuzi huitwa kwa neno la shina hilo hilo. Anakiliye, basi, ni kama mchukuzi, na mchukuzi mwema huujua mzigo wake na hufika nao mzima.

Mwaka 1938 Mmarekani Chester Carlson alifaulu kutoa nakala kwa nguvu za umeme na unga mkavu, na leo mashine za namna hiyo zimejaa madukani. Mashine hutoa nakala 100 za somo la historia, nayo haijui hata neno moja la historia. Mwanafunzi ajazaye daftari bila kufahamu hana tofauti nayo, ila yeye huchoka mkono.

Mimi nashauri hivi. Ukiisha kunakili maelezo ya ubaoni, yasome, funika daftari, uyaandike tena kwa maneno yako mwenyewe, kisha ulinganishe. Hapo utakuwa umepata "copia" ya kweli, ambayo siku ya mtihani haina haja ya kuchungulia karatasi ya jirani. Wazee wetu walikwisha kusema: nguo ya kuazima haisitiri maungo.